Habu iliyoliwa na chumvi

Mwaka 2014 nilikuwa nanunua pweza kwa akina mama wa vijiji vya kusini mwa Tanga, kuanzia Tongoni hadi Kigombe, na kuwaleta mjini. Kazi ile inafuata mwezi. Siku za bamvua maji yanakupwa mbali, miamba inabaki wazi, akina mama wanaingia na vijiti vyao, na mnunuzi akichelewa kidogo anakuta pweza wameshapata mwenyewe. Barabara ya Pangani wakati huo ilikuwa ya vumbi, na mvua ikinyesha inakuwa ya tope. Kwa hiyo nilizoea kupita ufukweni kabisa, kwenye mchanga mgumu uliotoka kuachwa na maji, sanduku la barafu nyuma, ringi ya mbele ikirusha maji ya bahari hadi magotini. Wala sijuti, maana njia ya juu ingenimaliza mgongo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya cc 150, ringi za spoki, breki ya diski mbele. Ikaanza ugonjwa. Ukikamata breki ya mbele, mkono wa breki unakurudishia vidole: unasukuma, unaachia, unasukuma. Fundi wa kijiweni akanibadilishia pedi. Pedi ya ndani ikaisha upesi huku ya nje bado nene, akabadilisha tena. Kijiweni breki ni pedi, basi. Pedi zikishindwa, fundi anakutuma ukanunue diski.

Kabla sijainunua, baiskeli ya mkaa ikachomoza njiani karibu na Kigombe, magunia yamempita mwendeshaji kichwa. Nilikamata breki, gurudumu la mbele likaanza kurukaruka kwenye changarawe, na pikipiki ikanipeleka moja kwa moja kwenye shamba la mkonge. Asiyeujua mkonge adhani nilianguka kwenye majani. Ncha ya jani lile ni mwiba, haikwaruzi, inachoma. Nilitoka na matundu matatu pajani, na pweza wametapakaa barabarani wamevaa vumbi. Mwenye mkaa alishuka akanisaidia kuwaokota, ananipa pole huku anacheka. Nami nikacheka, ila diski nikainunua kesho yake.

Sikumrudia fundi wa kijiweni. Nilielekezwa kwa mzee mmoja pale Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, aliyekuwa na mashine ya kukereza chini ya banda la makuti. Maisha yake yote alikuwa amekereza vyuma kwenye viwanda vya mkonge, akihudumia korona, zile mashine za kusaga majani zibaki nyuzi. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha diski mpya.

"Marahaba. Hiyo wataka nikufungie?"

"Ndiyo, babu. Ile ya zamani imepinda."

"Nani kakwambia imepinda?"

Nikakosa jibu. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akamwambia kijana wake aweke gogo chini ya injini gurudumu la mbele liinuke. Akachukua spoki mbovu, akaifunga kwa waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikakaribia diski bila kuigusa. Kisha akazungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja. Mwanga kati ya ncha na diski ukapanuka, ukafungwa kabisa hadi chuma kikalia kwii, ukapanuka tena. Kila mzunguko, mahali palepale.

"Haya, inayumba. Sasa tutazame ni yeye au kalalia pabaya."

Bolti za diski zilikuwa nne. Mbili zilitoka kwa spana na kelele. Ya tatu ilikatika kichwa. Ya nne ilitoka kirahisi mno, na kwenye meno yake kulikuwa na uzi wa alumini umejizungusha, yaani ilikuja na meno ya habu, kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoki na diski. Mzee aliipima unene diski kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, sehemu mbalimbali. Pembeni ilikuwa imeandikwa isipungue milimita 3.5, yeye akapata 3.1 kila mahali. Akaifuta, akailaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akabonyeza ukingo wake kwa dole gumba huku na huku. Haikucheza hata kidogo.

"Imekwisha, ndiyo. Kupinda haikupinda. Bolti ndizo zilikuwa zaipinda ikiwa mahali pake, ukifungua yanyooka. Hebu lete kichwa hapa."

Nikainama. Pale diski ilipokalia, uso wa habu ulikuwa umejaa unga mweupe, mkavu, umejazana kama lishe ya mtoto. Alipoukwangua kwa ncha ya bisibisi yakatokea mashimo, mengine ya kuingia punje ya mchele. Akanieleza bila haraka: habu ni alumini, diski na bolti ni chuma, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, chuma kinasalimika. Unga unaotokea unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, hivyo unaisukuma diski kutoka chini, upande mmoja zaidi ya mwingine. Diski yangu mpya ingelalia unga uleule, ikapindwa na bolti zilezile.

"Hii itunze nyumbani. Nikikufungia leo, utarudi hapa kunitukana."

Akatoa ekseli. Beringi, ile namba 6301 ya kawaida, ikadondoka mkononi mwake yenyewe. Beringi haitakiwi kudondoka, inatakiwa ipigwe ndipo itoke. Ndani ya tundu akachomoa kipande cha kopo la soda, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, kimezungushwa kuziba ulegevu. Alikigeuzageuza, akamwonyesha kijana wake.

"Wenzio wanywa soda, kisha wafungia magari ya watu."

Sijui ni fundi gani alikiweka. Pikipiki niliinunua mkononi.

Kazi ikagawanyika kwa watu watatu. Habu haiwezi kukaa vizuri kwenye mashine ndogo ikiwa na spoki zake, kwa hiyo kwanza ringi ifumuliwe. Hapo ndipo Tanga inapokuwa Tanga: mji wa baiskeli haukosi msukaji wa ringi. Huyu alikuwa mtaa wa pili tu, na alizifumua spoki zote 36 huku anapiga soga na wateja wengine, akazifunga mafungu mawili kwa mpira wa tyubu, za ndani mbali na za nje. Kisha habu ikaenda kwa kijana wa kulehemu kwa gesi ya argoni, karibu na bandari, anayeshughulika na mashine za boti. Alilalamika sana. Alumini iliyokunywa chumvi ukiilehemu inatoa povu, weldi inakuwa na matundu. Ikabidi aisage hadi afikie alumini safi, aipashe moto, ndipo ajaze yale mashimo ya bolti na uso mzima.

Iliporudi ilikuwa mbaya kutazama, imevimba vidonda. Mzee akaifunga kwenye mashine, na hapa ndipo nilipoona ufundi wake. Alitumia muda mrefu kuiweka sawa kuliko kuikata. Anazungusha kwa mkono, anatazama kishale cha saa ya kupimia, anagonga kwa nyundo ya mbao, anazungusha tena. Nilipomuuliza kwa nini haanzi, alisema mara kisu kikianza, kazi haifunguliwi mpaka uso wa diski na tundu la beringi viishe vyote viwili. Ukikata kimoja, ukafungua, ukageuza ukakata cha pili, havitakuwa sawa tena hata ufanyeje. Diski italala sawa kwenye uso wake, lakini uso wenyewe hautakuwa sawa na ekseli, na mkono wa breki utakupiga vilevile.

Alipanua tundu la beringi, akachonga bushi, yaani pete ya kuziba ulegevu, ya alumini, akaipasha habu moto na kuipigilia bushi ndani, kisha akaichonga bushi kwa milimita 37 kasoro kidogo sana, beringi iingie kwa kubanwa. Bila kuifungua habu, akapitisha kisu usoni. Alumini ilitoka riboni ndefu zinazometa, na kadiri kisu kilivyosonga vile vidonda vya weldi vikapotea kimoja kimoja, hadi uso ukabaki mweupe mtupu. Mashimo mapya ya bolti aliyatoboa kwa biti ya 6.8, akayatia meno ya M8 kwa mkono, robo mbele, kidogo nyuma kuvunja unyoya wa alumini unaokatwa, tone la mafuta ya taa, robo mbele.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Msukaji alirudisha spoki na kuinyoosha ringi. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ilifunguliwa, na zile pini mbili inazoteleza juu yake zilikuwa zimeganda kwa kutu, ndiyo sababu pedi ya ndani ilikuwa inaisha peke yake. Oili ya breki ilitoka nyeusi kama chai ya rangi, tukajaza mpya ya DOT 4. Diski mpya ilioshwa kwa petroli, bolti zikatiwa kwenye meno yake gundi ya kuzuia zisilegee na kukazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Ile spoki ya majaribio ikarudi kwenye shokapu. Safari hii mwanga haukutikisika.

Nikaijaribu hadi Raskazone, nikipunguza mwendo bila kusimama kabisa ili pedi na diski vizoeane. Vidole vilitulia.

Mzee alikuwa na agizo moja: nikitoka ufukweni nimwagie gurudumu maji ya kisima, kila siku. Diski ya zamani akaniomba, chuma chake hakishiki kutu, akasema inatoa visu viwili vizuri vya kuparia samaki. Nikamwachia. Kilichotugombanisha ni bei ya argoni, ambayo yule kijana wa bandarini alikuwa ameipandisha baada ya kazi kwisha, na mzee akakataa katakata kuniruhusu niilipe yote.