Nilifuata Mlango Lamu

Basi la alfajiri kutoka Mombasa lilipita Garsen na Witu, likatushusha Mokowe, nami nikapanda boti ya kwenda kisiwani Lamu nikiwazia mlango tu. Mgahawa wetu ulikuwa umebakiza wiki chache ufunguliwe. Nilitaka mgeni akikanyaga kizingiti aikumbuke nyumba ya bibi yake.

Dalali alinipeleka mtaa wa Mkomani, vichochoro ambavyo punda akipita na mzigo mtu hujibana ukutani. Mlango niliuona, na moyo ulinienda mbio. Mfaa wake, ule mti wa katikati, ulikuwa umechongwa maua tangu juu hadi chini, mbao za mbambakofi zimeng'aa palipozoea kushikwa. Nyumba yenyewe paa lilishaanguka. Boriti za mikoko zilining'inia juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizobaki tupu. Dalali alitaja bei kwa kunong'ona, akasema mzigo utatoka usiku.

Neno hilo la usiku ndilo lililonizindua. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inautaja mlango uliochongwa kabla ya 1946 kuwa ni kitu kinacholindwa, na huu ulionekana mkongwe kuliko hapo. Nilimshukuru, nikaondoka. Iliniuma, sikatai.

Jioni nilimwamkia mzee mmoja seremala, nikamweleza.

"Mwanangu," akasema, "mlango ule ukiutia mgahawani, kila mgeni atakuuliza umetoka nyumba ya nani. Utamjibu nini?"

Nikaagiza mpya kwake, na mchoro tukauchagua pamoja. Utachukua miezi, kwa hiyo tutafungua na pazia.

Vyombo vilikuwa rahisi zaidi. Bibi mmoja wa mtaa wa Langoni alikuwa akipunguza vitu vya stoo: sinia mbili za shaba, birika, kandili, mbuzi ya kukunia nazi iliyochakaa pale pa kukalia. Kwa shaba ya zamani angalia ndani kwanza. Bati likishabanduka, usipakue chakula humo mpaka ipakwe upya. Sinia zangu zitatundikwa. Bibi hakutaka kuhesabu pesa mbele yangu. Alitaka kujua kama mbuzi itakuna nazi au itakaa ukutani. Nikamwahidi itakuna.

Siku ya tatu nilikwenda Matondoni, wanakounda vyombo vya baharini, na huko ndiko ningeanzia kama ningejua. Ufuoni mbao za jahazi kuukuu zilikuwa zimepangwa, rangi juu ya rangi, kijani chini ya buluu chini ya nyeupe iliyoliwa na chumvi, matundu ya misumari yamezungukwa na kutu. Pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, ilikuwa bado imeganda kwenye viungo. Mbao hizi hakuna nyumba iliyovunjwa kwa ajili yake. Chombo kilimaliza kazi yake, mwenyewe akakipasua. Nilichukua za kutosha meza sita, nikamwomba fundi asipige randa upande wa juu, aulainishe kwa msasa mwepesi tu rangi ibaki.

Kisha nahodha mmoja akanitandazia tanga lake la zamani mchangani. Viraka kumi na saba, nilivihesabu, kila kimoja kwa uzi wake, na vingine alikumbuka upepo uliopasua hapo. Tulilikunja watu wanne. Kwenye boti ya kurudi Mokowe nililikalia njia nzima, likinuka sifa, yale mafuta ya papa, na moshi, na nilishajua litatandwa wapi: darini, juu ya meza ndefu, viraka vikitazama chini.