Siku Moja Maishani Mwangu: Naitafuta Asili ya Namba

Saa 11 alfajiri

Kabla mtu yeyote hajanitafuta, nimeshafungua kompyuta. Kazi yangu ni kusoma tafiti mpya za fizikia, tiba, uhandisi na mazingira, kisha kuziandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wasio na muda wa kupambana na kurasa 30 za fomula. Usiku kucha yameingia maandiko mapya. Mengine yamehakikiwa na wataalamu, mengine bado ni ya awali, hayajapitiwa na jicho la pili.

Sianzi na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa andiko. Ikisiri huandikwa na mtu anayeipenda kazi yake, na hilo si kosa, lakini mimi hukimbilia majedwali. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Vichwa vya habari hupenda kiasi. Mimi naitafuta asili: tisini na tano kati ya wangapi, na mara mbili ya nini?

Leo nimefungua kwanza faili la sola. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ya sola ya tabaka mbili, perovskaiti (aina ya fuwele inayonasa nuru) juu na silikoni chini, iliyogeuza asilimia 34.6 ya nuru kuwa umeme. Silikoni peke yake, hata kinadharia, haivuki asilimia 29 na kitu, kwa hiyo hili ni jambo kubwa kwelikweli. Perovskaiti hunasa nuru ya upande wa buluu na kuiacha ya upande wa nyekundu ipite, na silikoni huidaka kule chini. Ila rekodi za namna hii hupimwa kwenye seli ya takriban sentimita moja ya mraba, yaani ukucha wa kidole gumba. Mwaka huohuo Oxford PV ya Uingereza ilionyesha paneli nzima ya kufunga juu ya paa iliyofikia asilimia 26.9. Kati ya ukucha na paa ndipo wahandisi wanapohangaika: namna ya kupaka tabaka nyembamba mno ikae sawasawa kwenye eneo kubwa, na namna ya kuikinga na unyevu na joto kwa miaka mingi. Nikiandika 34.6 bila kuutaja ukucha, kesho kuna mtu ataenda dukani kuiulizia.

Saa 3 asubuhi

Kikao cha wahariri. Kijana aliyejiunga nasi juzijuzi ameandaa maelezo ya myeyungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati, na kichwa chake kinasema wanasayansi wamepata nishati nyingi kuliko waliyotumia.

"Kaka, kwani si kweli?" ananiuliza. "Maabara yenyewe ilisema."

Ni kweli kwa hesabu moja. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale 192 ya leza ilielekezwa kwenye kikasha kidogo chenye kijipira cha ukubwa wa punje ya pilipili manga, kikiwa na aina mbili za haidrojeni. Leza ilipeleka megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Viini vya haidrojeni viliungana kama vinavyoungana ndani ya jua, na kwa mara ya kwanza maabara ikavuna zaidi ya kile leza ilichokipeleka. Kuna watu waliozeeka wakiisubiri siku hiyo.

Nikachukua kalamu tukapiga hesabu pamoja. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Kwa hiyo kilichotoka siku ile hakifiki hata uniti moja. Kinatosha kuchemsha lita tisa hivi za maji. Na mitambo ya leza yenyewe, ili itoe zile megajuli mbili, ilivuta kwenye gridi takriban megajuli 300. Gawanya kwa 3.6 upate uniti 83.

Kijana akaikodolea macho karatasi. "Basi tuseme wameshindwa?"

"Hapana, mdogo wangu. Walijiuliza kama kijipira kitawaka, na kiliwaka. Swali la kuwasha miji ni jingine, na hilo bado halijajibiwa."

Mhariri, ambaye sote tunamwita Dada, alikuwa akisikiliza tu. Akasema kichwa kiwe hiki: nishati iliyotoka imezidi ile iliyofika kwenye shabaha. Ni kirefu na hakivutii sana. Tumekipitisha.

Saa 5 asubuhi

Simu inaita. Sauti ni ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika ile habari ya ugonjwa wa damu wa seli mundu?"

Ndiye mimi. Wiki iliyopita niliandika kuhusu Casgevy, tiba ya kwanza kuidhinishwa inayotumia mkasi wa jeni wa CRISPR. Uingereza iliikubali Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba. Bibi huyu ana mjukuu wa miaka tisa mwenye ugonjwa huo. Ameisoma makala mara tatu na kupigia mstari sentensi moja: wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

"Sasa mwanangu, hii inamezwa au inachomwa?"

Hapo nikajua nilipokosea. Nilikuwa nimeeleza mkasi wa jeni kwa aya tatu, lakini nilimruka mgonjwa aliyelala kitandani. Nikaanza upya, polepole. Zinakusanywa seli mama za damu, zile zinazozaa chembe za damu, za mgonjwa mwenyewe na kupelekwa maabara. Huko hukatwa sehemu ndogo inayoiendesha jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo swichi inayozima hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu. Swichi ikilegea, hemoglobini hiyo hurudi, na chembe nyekundu zenye hemoglobini hiyo ya kutosha hazijikunji kama mundu. Lakini kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya jamii ya zile za saratani, iue uboho wa zamani ili zile seli zilizorekebishwa zipate pa kukaa. Hulazwa wiki kadhaa. Dawa hiyo inaweza kumnyima mtu uwezo wa kuzaa. Na idhini ilitolewa kwa wenye miaka 12 na kuendelea.

Kimya. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Kwa hiyo wangu bado."

"Bado, bibi."

Sikutaka aondoke na hilo tu. Nikamuuliza kama mtoto anatumia haidroksiyurea, dawa nyingine ya seli mundu. Jina hakulijua. Akaniambia nisubiri, akaenda kuleta chupa, akaanza kunisomea herufi mojamoja, akirudi nyuma alipohisi amekosea. Ilikuwa asidi ya foliki, ambayo ni vitamini tu. Nikamsimulia kuhusu utafiti uitwao REACH, ambao matokeo yake yalitoka kati ya mwaka 2018 na 2019. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walipewa haidroksiyurea, wakalinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza dawa. Mashambulio ya maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, malaria ikapungua, vifo navyo vikapungua. Hiyo ni dawa ya kumeza.

"Mimi si daktari, bibi. Daktari wake ndiye ataangalia damu yake na kuamua kama inamfaa."

"Najua. Nitajie tena hilo jina, taratibu."

Nikamtajia, silabi kwa silabi. Baada ya kukata simu nilikaa nikiitazama makala yangu. Ile tiba ya watu 31 niliipa maneno 900. Watoto 606 sikuwapa hata mstari mmoja. Nimeifungua makala, nimeongeza aya mbili, na juu kabisa nimeandika kwamba imeboreshwa leo.

Saa 8 mchana

Muda wa kupigana na maneno. Kuna neno moja la takwimu, "significant" kwa Kiingereza, ambalo wengi hulitafsiri "muhimu", na naliona kila wiki likileta balaa. Wanatakwimu wakilitumia wanamaanisha tu kwamba tofauti waliyoiona ni vigumu kuwa imetokana na bahati. Hawasemi kwamba tofauti ni kubwa. Dawa inaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiasi ambacho mgonjwa hatakihisi kamwe na bado ikapata sifa hiyo, mradi waliopimwa ni wengi. Mimi huandika "tofauti isiyoelekea kuwa ya bahati". Ni refu, lakini halidanganyi.

Saa 9 mchana

Makala ndefu ya wiki hii ni ya saruji. Hakuna aliyeiomba, nami naipenda kuliko zote.

Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi hudhani tatizo ni moshi wa tanuri. Moshi upo, lakini sehemu kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Choma kilo 100 za kalsiamu kaboneti, ile iliyomo kwenye mawe ya chokaa, na utabaki na kilo 56. Kilo 44 zimekwenda angani kama kaboni dioksaidi. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua mwanzo hadi mwisho, kilo 44 zinaondoka palepale, kwa sababu ndiyo kemia ya jiwe. Mara ya kwanza nilipoikokotoa hesabu hiyo niliirudia mara mbili, nikidhani nimekosea uzito wa atomu.

Njia mojawapo ya kupunguza ni kuchoma chokaa kidogo zaidi. Timu ya Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Uswisi, pamoja na wenzao wa Cuba na India, imeendeleza saruji iitwayo LC3. Mchanganyiko wake wa kawaida ni asilimia 50 klinka (chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja, kiini cha saruji ya kawaida), 30 udongo wa kaolini uliochomwa, 15 mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na 5 jasi. Klinka huhitaji joto la nyuzi 1,450 hivi. Udongo huo hutosheka na karibu 800, na ukichomwa hutoa mvuke wa maji badala ya kaboni. Kisha udongo na chokaa hushirikiana kikemikali ndani ya zege na kuziba vitundu.

Jedwali ninalolitafuta si la gesi. Fundi anayejenga nguzo anataka kujua kama itashika. Kwa hiyo naangalia nguvu ya vipande vya majaribio vinavyopondwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Udongo wenye kaolini ya asilimia 40 au zaidi huifikia saruji ya kawaida kuanzia siku ya 7. Siku mbili tatu za mwanzo huwa nyuma kidogo, na zege yake ni nzito kuchanganya, kwa hiyo huhitaji dawa zaidi ya kulainisha. Haya yote nayaandika.

Halafu kuna lile punguzo la kaboni la asilimia 30 hadi 40. Likilinganishwa na nini? Na saruji ya klinka karibu tupu. Viwanda vingi tayari huchanganya majivu ya makaa ya mawe au taka za tanuri la chuma, na kwao punguzo litakuwa dogo zaidi. Sentensi hiyo imenichukua dakika 40, na nimeiweka aya ya pili ili isimpite mtu.

Saa 12 jioni

Kijana amenitumia andiko la awali lenye madai mazito, anataka tuwe wa kwanza. Nimemsimulia LK-99. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walisema wametengeneza kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote hadi nyuzi 127, bila kukigandisha. Dunia ilisisimka, na video ya kipande kilichoinuka upande mmoja juu ya sumaku ilisambaa kila kona. Wiki chache baadaye maabara za nchi mbalimbali zilikuwa zimekitengeneza upya na kulipata jibu: ndani yake kulikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadili umbo lake la ndani kwenye nyuzi kama 104, na papo hapo ukinzani huporomoka. Wale waliotafuta uchafu huo hawakupata umaarufu wowote, lakini ndio niliowaandika kwa heshima zaidi.

Andiko tumeliweka kando. Tutalirudia likishahakikiwa.

Saa 3 usiku

Nikiwa nimeshazima taa, ujumbe umeingia. Ni yule bibi. Kliniki ni keshokutwa, na jina la dawa ameliandika kwenye daftari la mtoto. Amesoma zile aya mbili nilizoongeza. Chini kabisa ameuliza: "Mwanangu, umesema 29 kati ya 31. Wale wawili wakawaje?"

Nimeiwasha tena kompyuta.