Inchi mbili

Naandika hili liishe, maana tangu Jumatatu linanizunguka kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua, na Baba Nuru ameshasema akinisikia nalianza tena anahamia sebuleni.

Ni lile gauni langu la kijani, la kitenge, la ubatizo wa Nuru mnalijua. Nimelipeleka kwa fundi libanwe kwa ajili ya sendoff ya mdogo wangu (ndio, mahari imepokelewa, wazee wamekula wali wakaondoka na tabasamu, hiyo ntaiandika siku nyingine). Nimefika pale Sinza kifua mbele kabisa, shikamoo fundi, marahaba Mama Nuru, nikasimama nimejinyoosha nasubiri mshangao. Kilo 11 jamani! Kutoka 94 mpaka 83, miezi saba, raba zimelika kisigino. Yule mzee hakushangaa chochote. Kazungusha futi kiunoni, pini ziko mdomoni, kasoma namba, kalamba kidole kafungua lile daftari lake lililochanika jalada.

"Kiuno 39," akasema. Halafu akarudi nyuma kurasa kibao. "Mwaka 2022 tulibana kikawa 38. Mwaka 2024 tukaachia, 43." Anasoma tu, kama mtu anayesoma mita ya maji. Akachukua chaki, akainama kwenye kitambaa.

"Nikuachie akiba inchi ngapi?"

"Akiba ya nini, fundi?"

"Ya kurudi."

Kasema bila ubaya wowote, vile mwenye duka anavyokuuliza sukari ya jero au ya buku. Na mimi, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri mvua inanyesha, mtu wa kukataa keki ya ofisini mpaka wakaniita mlokole wa keki, nikajibu fasta kabisa:

"Mbili."

Yaani sikufikiria hata kidogo. Inchi mbili! Si ningesema kata, fundi, kata yote. Si ningecheka tu. Nilivyofika kituoni nikawa nimeshapata jibu zuri, "akiba waachie wanao", nikalirudia ndani ya daladala mpaka kondakta akanitazama. Kesho yake bafuni nikapata lingine kali zaidi. Jumatano bosi wetu kahamishiwa Dodoma ghafla, ofisi nzima inanong'ona nani atakaimu, mimi niko na faili mbele yangu najiuliza kwa nini mbili, kwa nini sio moja.

Baba Nuru anasema, "Sasa mama, umeulizwa swali umejibu, kosa liko wapi?" Mwanaume huyu hajawahi kubaniwa nguo maisha yake yote, suruali ya harusi anaivaa mpaka leo, haelewi. Kinachoniuma sio swali lake fundi. Ni kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Maana ile 38 ya mwaka 2022 naikumbuka vizuri. Daraja la Tanzanite ndo limefunguliwa, Dar nzima inaenda kukimbia pale na kupiga picha, na mimi nimo, traki suti mpya, ile kilomita moja na ushee juu ya bahari naenda narudi naona nimeshinda dunia. Nilikuwa na sababu, harusi ya kaka. Harusi ikapita, picha zikatoka nzuri, Jumapili yake nikasema leo nipumzike. Ile leo ilidumu mwaka na nusu.

Safari hii nimejitahidi nisiwe na mbwembwe. Natembea tu, Mori mpaka Bamaga na kurudi, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ule wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Nesi wa kliniki aliniambia dakika 150 kwa wiki ndo kiwango cha chini kwa mtu mzima, hakuniambia nikimbie wala ninunue chai ya kupunguza tumbo. Na mizani imegoma pale pale 83 wiki ya sita sasa. Mwanzoni nililia kidogo (nilishaandika). Baadaye nikaelewa kwamba mwili ukishapungua unatumia kidogo kuliko ulivyokuwa mzito, kwa hiyo msosi ule ule ulionipunguza mwanzoni, sasa hivi unanishikilia tu hapa nilipo. Na kutembea nusu saa hakufuti hata chapati moja ya mafuta, nilikuwa najidanganya sana kwenye hesabu hizo, mhasibu mzima. Ila naenda hivyo hivyo.

Basi Alhamisi lifti ofisini imekufa. Nikapanda ngazi huku naongea na wifi yangu kwenye simu, kaanza na rangi ya keki ya sendoff, eti zambarau, nikamwambia wifi zambarau hapana, tunataka dhahabu, yeye anasema dhahabu kila mtu anayo, tunabishana, tunabishana, nashtuka niko mlangoni kwetu ghorofa ya nne. Wifi anaongea bado. Mimi nimesimama nashangaa. Zamani ghorofa ya pili nilikuwa nasimama najifanya nasoma maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto, nimeyasoma yale maelekezo mpaka naweza kuwafundisha zimamoto. Nikasema wifi weka zambarau, weka unayotaka mama. Kashangaa mwenyewe.

Jana nikaenda kuchukua gauni. Limekaa, we acha tu. Nilivyofika nyumbani nikaligeuza ndani nje, nikachukua rula ya Nuru ya shule. Inchi mbili zipo, kaziweka vizuri, kapiga na mshono mwepesi. Ila pembeni yake nikaona vitundu vidogo vidogo vya sindano, mstari mmoja wa zamani, halafu mwingine, kile kitambaa kimeshatobolewa na kila mwaka niliopita. Nikakaa kitandani nacheka peke yangu, Nuru anauliza mama unasoma nini kwenye gauni.

Na kumbe pale kwa fundi nilishamwuliza, nilishindwa kuvumilia. Fundi, lile swali la akiba unawauliza watu wote au mimi tu? Katoa pini mdomoni. "Wote, Mama Nuru. Hata bwana harusi." Akafikiri kidogo. "Hasa bwana harusi."

Kwa hiyo wiki nzima nimegombana na mzee wa watu aliyekuwa anafanya kazi yake. Sawa. Lakini "mbili" hakunisemea yeye.

Sendoff ni Jumamosi ijayo. Jumapili yake ndo ninayoiogopa, sio Jumamosi. Nimeshaongea na Mama Jose wa mlango wa pili, nimemwambia saa kumi na moja na nusu agonge, akisikia nasema leo nipumzike aendelee kugonga mpaka mlinzi aje. Kaniambia na yeye anataka kuanza, ila ana kandambili tu. Nimempa zile raba zangu za mwaka 2022, hazijachoka hata.

Sasa hivi saa nne usiku na friji limeanza kutoa ule mlio wake tena, linanguruma halafu linanyamaza ghafla kama limesikia kitu. Humo ndani kuna nguru kilo 15 wa sendoff. Fundi wa friji hapokei simu.