Kumbukumbu ya mradi: Makutano ya Fintona na banda la farasi

Baada ya miezi miwili ya kuchora na kufuta ramani ya mfano mdogo wa reli ninaoujenga, nimetambua kwamba nilikosea kuanza na jukwaa, kwani stesheni ya Fintona Junction, katika kaunti ya Tyrone, Ireland ya Kaskazini, haieleweki kabla ya kujua njia yenyewe ilijengwaje. Reli kutoka Londonderry ilifika mjini Fintona mwaka 1853 na kuishia hapo kwa muda; ilipoendelezwa kwenda Enniskillen mwaka 1854, haikupita mjini, bali ilichepuka kilomita moja na ushei kabla ya kuufikia. Kipande kilichobaki hakikung'olewa. Kikawa tawi, na pale njia zilipoachana pakawa makutano.

Kwa tawi fupi namna hiyo, farasi mmoja alitosha, naye alilihudumia kwa takriban miaka 100. Kila farasi aliyeshika kazi hiyo aliitwa Dick. Behewa la ghorofa mbili, Nambari 381, lililoundwa mwaka 1883, limehifadhiwa katika makumbusho ya Cultra, karibu na Belfast: daraja la kwanza na la pili walikaa ndani, na daraja la tatu wakapanda juu, kwenye mvua, ambayo huko si haba.

Kwa kipimo cha 1 kwa 76, reli ya Ireland yenye upana wa milimita 1,600 inakuwa milimita 21. Reli za dukani zina milimita 16.5, kwa hiyo nimelazimika kulaza zangu mwenyewe, taruma kwa taruma (zile boriti za chini ya reli), na swichi ya kwanza, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, imeangusha behewa mara nne.

Banda nililidhani pambo tu. Kumbe farasi aliogopa injini ya mvuke, hivyo alifunguliwa na kufungiwa humo kila treni ilipokaribia. Sasa ndilo linaloniamulia behewa lisimame wapi na abiria wavuke wapi. Nimebomoa nusu ya jukwaa kwa ajili yake, na sijutii.

Mfano wangu utaonyesha Septemba 1957, mwezi wa mwisho, kwa kuwa tarehe 30 njia kuu ilifungwa kwa uamuzi wa serikali ya Ireland ya Kaskazini, na tawi likafa siku hiyo hiyo. Wiki ijayo ni paa la banda. Dick mwenyewe bado sijampata: farasi wa dukani wa kipimo hiki ni wa mashindano, wembamba mno kuvuta behewa.