Kipini cha Bibi na Almasi ya Mwadui

Boti iliondoka Mkoani asubuhi, na mpaka tunaingia mkondo wa Nungwi nilikuwa bado nimekifumbata kitambaa changu. Ndani yake mlikuwa na kipini cha marehemu bibi, dhahabu yenye kijiwe cha waridi kilichoanza kucheza. Kwetu Pemba kijiwe hicho kikiitwa "almasi ya Mwadui", wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nikashuka Malindi, bandari ya Unguja, nikakata vichochoro hadi Mkunazini kwa sonara wa bibi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Alikitazama kwa lenzi, akakipulizia pumzi. Ukungu ukaganda. "Almasi haishiki ukungu hivi," akasema taratibu. "Hiki kioo. Lakini dhahabu ni dhahabu."

Nikanyong'onyea. Akaniagizia kahawa, akanisimulia jiwe ambalo enzi za bibi lilivuma kila mahali. Liliibuka Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, katika mgodi wa Mkanada John Williamson, karati 54.5. Akamtunuku Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka huo. London wakalichonga, zikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya ua la almasi nyeupe, na mwaka 1981 Malkia alilivaa kifuani kwenye harusi ya mwanawe Charles.

"Na waridi yake inatoka wapi?" niliuliza. Hapo mzee akaweka kikombe chini. Almasi ya buluu imeingiwa na boroni, ya manjano ina naitrojeni. Ya waridi haikuingiwa na kitu: ilibanwa na ardhi mpaka mpangilio wake wa ndani ukapinda, na huko kupinda ndiko rangi.

Nikalirudia moyoni neno hilo, kupinda. Tanganyika wakati ule ilikuwa mkononi mwa Waingereza. Waliochimba hawakuulizwa zawadi iende kwa nani. Mwaka 2022 almasi nyingine ya waridi, karati 11.15, iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57, ikiwa imepewa jina la kulienzi jiwe lile. Jina lenyewe ni la Williamson. Mwadui haimo. Linaniuma.

"Nikutilie kijiwe kingine?" aliuliza sonara.

"Hapana mzee. Kaza hicho hicho."

Akakaza vikucha vyote vinne. Nikakivaa palepale, nikarudi bandarini kuuliza boti ya kesho.