Tulivyoacha kuzungusha karatasi za mabadiliko ya michoro

Niko karakana moja hapa Namanve, nje kidogo ya Kampala, tunaunda trela, kazi yangu mimi ni michoro. Watu wametoka kila kona, Waganda, Wakenya waliovukia Busia, Wakongo, kwa hiyo huku chini kwenye mashine tunaelewana kwa Kiswahili, ofisini juu ndo kuna Kizungu chao na Kiganda.

Kilichonisukuma ni brakiti 36 zilizoharibika. Ni ile brakiti inayoshika springi chini ya trela, bamba la milimita 12, lina tundu la bolti la milimita 24. Springi mpya zilipokuja ikabidi tundu lisogee nyuma milimita 15, basi nikarekebisha mchoro ukawa toleo C, nikajaza fomu ya mabadiliko na fomu yenyewe ilitaka sahihi saba. Saba jamani! Injinia mkuu, uzalishaji, kwaliti, manunuzi, uhasibu, mkurugenzi, hadi mtu wa mauzo ambaye mpaka leo sijui alikuwa anasaini nini. Karatasi ikaingia kwenye droo ya bosi mmoja, bosi kaenda Mbarara, ikalala humo siku tisa. Huku chini vijana wanatoboa tu kwa toleo B lililobandikwa kwa selotepu kwenye drili, limejaa grisi hata herufi ya toleo huioni. Zikatoka 36. Na huwezi kusema nitoboe lingine pembeni, hesabu mwenyewe, tundu la 24 ukilisogeza 15 yanaingiliana yanakuwa kama namba nane, na kitu kinachobeba springi huwezi kuziba tundu kwa weldi ukakiachia mzigo. Zote skrepa.

Kampuni tayari ilikuwa na Odoo, programu ya kuendeshea kampuni, kwa ajili ya stoo na mauzo. Ndani yake kuna sehemu ya PLM, yaani ya kusimamia mabadiliko ya bidhaa na michoro yake, ipo kwenye toleo la kulipia, si lile la bure, sisi tulikuwa tunalipia toleo hilo na hakuna aliyewahi kuifungua. Nikaomba nijaribu. Unafungua oda ya mabadiliko, unachagua ni bidhaa gani, inakopi orodha ya vipuri, ile BOM ambayo vijana wanaiita bomu, inaipa namba mpya ya toleo, wewe unachezea hiyo kopi huku ile ya zamani inaendelea kufanya kazi. Mchoro unaubandika humohumo. Oda inapita hatua kwa hatua na kila hatua unaiwekea watu wa kuidhinisha, wakimaliza ndo unabonyeza kutekeleza, toleo jipya linashika nafasi.

Sasa kosa langu la kwanza, nikachukua wale wale saba nikawaingiza kama walivyo. Mwezi mzima hali ikawa ileile, tofauti tu ni kwamba badala ya droo oda zinalala kwenye kompyuta ya mtu. Nikawa napigia watu simu, bosi nimekutumia iko pale, bosi umeiona, yaani afadhali hata karatasi maana ile ungeweza kuibeba ukamsimamia mlangoni.

Nilikuja kutulia nikasoma kwamba muidhinishaji anaweza kuwekwa kwa namna tatu: wa lazima, wa hiari, na wa kutoa maoni tu. Hapo ndo nikaona pa kushika. Nikakaa na injinia mkuu jioni moja, nikamuuliza swali moja kwa kila jina, huyu akikataa kazi inasimama kweli? Uhasibu hapana. Mauzo hapana. Mkurugenzi? Hapo injinia akacheka, akasema, "Mwache kwenye maoni, atafurahi kuona." Tukabaki na watatu wa lazima, injinia mkuu, kwaliti, na mzee wa stoo.

Mzee wa stoo hakuwemo kabisa kwenye wale saba! Na ndiye mtu pekee anayejua vipande vya zamani vimebaki vingapi. Ukibadilisha mchoro bila kusema vya zamani vifanywe nini, viishe kwanza, virekebishwe au vitupwe, hujabadilisha kitu, umeandika barua tu. Kumshawishi haikuwa rahisi, aliniambia, "Mwanangu, mimi na kompyuta tulishaachana," ila tulimwekea kwenye simu na sababu ya mabadiliko nikaanza kuiandika kwa Kiswahili, mistari miwili: tundu limesogea 15 nyuma kwa sababu ya springi mpya, za zamani msitumie. Siku ya pili akaidhinisha kabla hata sijamaliza chai.

Kuna kitu programu haikunifanyia, oda za uzalishaji zilizokuwa zimeshathibitishwa zinabaki na bomu la zamani mpaka mtu azisasishe mwenyewe. Na selotepu nayo haina intaneti. Kwa hiyo oda ikishapita mimi mwenyewe nashuka na mchoro mpya, nabandua wa zamani kwenye mashine, nauchana mbele ya fundi. Wananicheka wanasema injinia kaja na hasira zake. Sawa tu, siku hizi herufi ya toleo naichapa kubwa kama kiganja, grisi haiifuniki.

Oda ya kawaida sasa inachukua siku moja au mbili, ikiwa umeme na bando vipo. Juzi nilituma ya kubadilisha kitasa cha mlango wa nyuma, injinia akapitisha, kwaliti akapitisha, mzee wa stoo akakataa. Nikafungua nione kaandika nini: "Vya zamani viko 12 na ni vizima, ngoja viishe." Nikasogeza tarehe ya kuanza hadi wiki ijayo, nikamtumia tena, akapitisha.