Nilivyofunga kioo cha mbele cha lori la Berliet

Maisha ya malori niliyaanza nikiwa utingo, Dar es Salaam hadi Tunduma, na kiti changu kilikuwa boneti. Aliyewahi kukaa kwenye boneti anajua: injini iko chini yako, umekunja blanketi mara nne na bado unaungua. Basi nilipohamia Lyon na kupata kibarua gereji, kitu cha kwanza nilichochungulia kwenye malori ya Kifaransa kilikuwa kabini.

Na kwa kabini, Wafaransa walikuwa na vituko. Kwenye maonyesho ya malori ya zamani niliona Willème yenye mdomo mrefu, wenyewe wanauita pua ya papa, na Citroën ya miaka ya 1960 yenye vidirisha chini ya kioo cha mbele, eti dereva aone mpaka lami ya miguuni pake. Renault Magnum ya 1990 ndiyo iliyomaliza kabisa habari ya boneti. Sakafu yake ni bapa kama sebule, ingawa kuipanda ni sawa na kukwea mnazi.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa Berliet TR, ile yenye kabini ya mraba iliyotoka 1970. Kabini hiyo iliishi kuliko Berliet mwenyewe: kampuni ilimezwa, jina likafutwa, Renault akabandika lake na kuendelea nayo hadi miaka ya 1990.

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa nayo, bado ina nembo ya uso wa garimoshi. Nembo hiyo ni kumbukumbu ya mwaka 1905, Marius Berliet alipowauzia leseni Wamarekani waliokuwa wakiunda magarimoshi. Shida ya lori la mzee ilikuwa kioo cha mbele. Mpira unaokizunguka ulishakakamaa, mvua ikinyesha maji yanatiririka juu ya dashibodi, ambako mzee alitandika taulo la kijani.

"Kioo kingine sina," akaniambia. "Ukikivunja, tumekwisha."

Siku ya kwanza tulishindwa. Ilikuwa Januari, mpira mpya mgumu kama ukwaju uliokauka, na kamba niliyochagua ilikuwa nene mno. Siku ya pili niliulaza mpira kwenye beseni la maji ya moto, nikauvalisha kioo, kisha nikazungushia kamba nyembamba ya nailoni ndani ya mfereji wa mpira unaobana bati, ncha zote mbili zikipishana chini katikati. Nikapaka maji ya sabuni kila mahali. Mzee na kijana wa gereji wakakiegemeza kioo kwa nje, mimi nikaingia ndani.

Hapo ni kuvuta polepole. Kila kamba inapotoka, mdomo wa mpira unapinduka na kung'ata bati: tap, tap, tap. Mimi navuta, wao wanagonga kwa viganja palepale nilipofika. Kwenye kona ya juu kulia nilisikia kioo kikilia, nikasimama. Nikaongeza sabuni. Nikavuta tena, jasho linanitoka na nje kuna barafu.

Tuliimwagia maji ya bomba kwa robo saa. Hata tone. Mzee akapanda, akapitisha kidole kwenye kona zote, akalichukua taulo, akalikunja vizuri. Akafikiri kidogo, akalirudisha palepale kwenye dashibodi.